Mnara Ulionyooshwa

Mama Mapacha alikuwa mtu wa kusema "sawa" huku macho yake yakisema mambo mengine kabisa. Miaka kumi na moja ya kuhudumia meza ilikuwa imemzoesha hivyo. Mgeni akilalamika supu ni ya moto mno, sawa. Mgeni huyohuyo akilalamika sasa imepoa, sawa. Mtoto akimwaga juisi kwa mara ya tatu na mama yake akacheka kana kwamba mtoto kashinda mashindano, sawa mama, hakuna shida, naleta kitambaa. Wenzake walimpenda na kumwogopa kwa pamoja, kwa sababu akishavuka mlango wa jikoni alikuwa anasema yote aliyoyameza, na alikuwa anameza mengi.

Mgahawa wenyewe ulikuwa ndani ya hoteli kubwa ya mapumziko, kati ya bwawa la kuogelea la watoto na duka la kofia. Ulijiita wa Kiitaliano wa Kimarekani. Mpishi wa piza, alipoulizwa maana yake, alisema hicho ni chakula cha Waitaliano waliohama kwao, wakafika mahali penye nafasi, wakaongeza jibini na ukubwa wa sahani. Meza zilitandikwa vitambaa vya mirabaraba myekundu na myeupe. Viti virefu vya watoto vilipangwa kando ya ukuta, na kila mtoto aliyeingia alipewa donge dogo la unga uliokandwa achezee akisubiri chakula. Donge hilo Mama Mapacha alilikuta baadaye chini ya meza, ndani ya chombo cha maua, na siku moja ndani ya kiatu chake mwenyewe alichokivua dakika mbili apumzishe mguu.

Kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni ilikuwa hepi awa. Vinywaji vya wakubwa nusu bei, watoto wadogo wanakula bure. Meneja alipenda kuiita saa ya furaha. Mama Mapacha aliona kwanza si saa, ni saa mbili nzima, na pili hiyo furaha ilikuwa ya upande mmoja tu wa kaunta.

Sasa, mtoto mdogo ni nani? Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kuuliza umri hakukufaa, kwa maana mzazi akiwa likizoni husahau kabisa mwaka aliozaa. Ndiyo sababu kwenye ukuta wa mlangoni palichorwa mnara, ule mnara wa Waitaliano unaojulikana dunia nzima, ulioinama kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Ulianzia sakafuni ukapanda mpaka karibu na dari, na madirisha yake yalipangana moja juu ya jingine. Mtoto alivua viatu, akasimama mbele yake. Kichwa kisipofika dirisha la tatu, anakula bure. Iliandikwa hivyo kwenye menyu, iliandikwa kwenye lifti, iliandikwa kwenye vikaratasi vilivyowekwa juu ya mito vyumbani. Na aliyesimama pale kila jioni kuwapima alikuwa Mama Mapacha, huku baba mzima na ndevu zake akimnong'oneza mtoto, "Kunja magoti kidogo, mwanangu."

Vichwa vya watoto vilikuwa vimeufuta mnara huo mpaka dirisha la tatu lilibaki kukisiwa. Ugomvi wa kila siku ukazidi. Meneja akaamua ukuta uchorwe upya, na aliposikia hivyo, Mama Mapacha alipiga moyo konde akaenda ofisini kumwombea mume wake kazi.

Huyu mume ndiye aliyemchosha kuliko wageni wote wa hoteli wakijumlishwa. Alikuwa fundi rangi, na kwa mkono wake hakuna aliyebisha. Watu walimwita Timazi, kwa sababu mfukoni hakukosa ule uzi wa mafundi wenye kipande cha chuma mwishoni, wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Hakunywa, hakucheza kamari, hakuwa mvivu. Angekuwa mlevi angalau watu wangemwelewa. Ugonjwa wake ulikuwa kitu kilichopinda. Daktari wa meno alimwita apake geti rangi ya kijani. Timazi akaliona geti linalala upande, akaling'oa lote, na siku ya tatu daktari akamfukuza akiwa bado hajafungua hata kopo. Mjane mmoja alitaka sebule ya waridi. Timazi aliipaka rangi ya maziwa kwa sababu waridi, alisema, inaubana ukuta. Siku ya harusi yao wenyewe alimsimamisha mpiga picha, wageni wote wakingoja, ili akaliweke sawa pazia la nyuma.

Miaka kumi na saba Mama Mapacha alimwambia, "Baba Mapacha, jipinde kidogo. Mpe mtu anachotaka." Naye alimsikiliza kwa upole, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaenda kufanya alivyojua yeye. Sasa alikuwa na miezi minane hana kazi. Mapacha walikuwa wanaingia sekondari mwaka unaofuata, wote wawili kwa mpigo kama walivyokuja duniani, na nyumba nzima ilisimama juu ya miguu ya mama yao, ambayo jioni ilikuwa imevimba.

Meneja hakumficha kitu. "Ukuta huu ni mtihani," alimwambia. "Ukitoka vizuri, nina vyumba tisini vya kupaka. Ni kazi ya mwaka mzima, nampa yeye. Ukiharibika, nampigia mtu mwingine simu siku hiyohiyo."

Vyumba tisini! Asubuhi ya siku ya kazi Mama Mapacha alimshika mume wake mkono mezani, kikombe cha chai kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

"Unisikilize vizuri. Unachora kilekile kilichopo. Usiongeze, usipunguze, usirekebishe."

"Nimekusikia."

"Rudia."

"Kilekile kilichopo," alisema Timazi, na akanywa chai yake. Mke wake alipaswa kukumbuka kwamba kwa mtu huyu kusikia na kufuata vilikuwa havijawahi kukutana.

Zamu yake ilianza saa tisa alasiri. Alipofika alikuta ukuta wa mlangoni umefunikwa shuka kubwa kutoka juu mpaka chini. Hayo yalikuwa mawazo ya meneja: shuka lishushwe kengele ya hepi awa inapolia, wageni wakitazama, iwe kama sherehe. Pembeni alisimama Timazi, shati safi, kucha zimesuguliwa, uso unang'aa. Mama Mapacha alifurahi kumwona hivyo kwa muda wa kama dakika moja. Kisha aliuona mfuko wake wa vifaa, na ndani yake pimamaji, kile kipimo cha mafundi cha kuangalia kama kitu kimenyooka, ikichungulia.

"Pimamaji ya nini?" aliuliza.

"Ya kazi."

"Kazi ya rangi inataka pimamaji gani, Baba Mapacha?"

"Wewe subiri uone, mke wangu. Subiri tu."

Mama Mapacha alitaka kuinua pembe ya shuka achungulie, lakini foleni ilikuwa imeshaanza kujipanga, meneja alikuwa anamwita, na kijana wa kaunta alikuwa ameshika kamba ya kengele akihesabu sekunde. Kengele ikalia. Meneja akavuta shuka.

Watu walipiga makofi, na ukweli ni kwamba yalistahili. Mnara ulikuwa umechorwa kwa namna ambayo mtu angeweza kupapasa nguzo zake. Kila tao lilikuwa na kivuli chake, kila dirisha lilikuwa na kina. Na ulikuwa umenyooka. Umesimama wima kutoka sakafuni mpaka dari kama askari wa gwaride, haukuinama hata upana wa ukucha.

Mama Mapacha alimgeukia mume wake.

"Aliyeuchora mwanzo hakujua kazi," Timazi alimnong'oneza kwa fahari. "Ulikuwa unaanguka kabisa. Nimeshindana nao tangu saa mbili asubuhi mpaka nikauinua."

"Baba Mapacha." Alisema polepole, kama anayeongea na mtu aliye juu ya ngazi. "Mnara huo umeinama. Huko kwao. Wenyewe, wa mawe. Ndiyo maana unajulikana."

"Umeinama?"

"Umeinama!"

"Na wanajua?"

"Dunia nzima inajua! Watu wanapanda ndege kwenda kuuona ulivyoinama!"

Timazi alifikiri. "Basi hawana mafundi," alisema, na sauti yake ilijaa huruma ya kweli.

Hapakuwa na nafasi ya kumjibu, kwa sababu mgeni wa kwanza alikuwa ameshamvua mwanawe viatu. Hapo ndipo Mama Mapacha alipoliona balaa lenyewe. Ukimnyoosha mtu aliyeinama, kichwa chake kinapanda juu. Na mnara ni hivyohivyo. Dirisha la tatu, ambalo zamani lilikuwa usawa wa kifua chake, sasa lilikuwa limepanda shubiri mbili na kumfikia utosini. Na kijana aliyesimama mbele yake alikuwa ameanza kuota masharubu.

Kichwa hakikufika dirishani.

"Bure," alisema baba yake, mtu wa kaptula na kandambili mwenye furaha ya aliyeokota kitu njiani.

"Kaka yangu, huyu kijana anaanza kuota masharubu."

"Masharubu hayakuandikwa popote, dada. Limeandikwa dirisha."

"Shikamoo," alisema kijana kwa sauti nzito ya mtu mzima, akavaa viatu vyake na kwenda kuagiza tambi na mipira ya nyama, sahani kubwa.

Habari haikukawia kufika kwenye bwawa. Walikuja wakichuruzika maji, vijana wa kidato cha pili na cha tatu, wenye miguu mirefu na njaa ya kuogelea mchana kutwa, wakasimama mmoja mmoja chini ya dirisha, na wote wakapita. Mama mmoja mfupi alipomaliza kuwapimisha wanawe alijisogeza ukutani yeye mwenyewe, akajitazama, akauliza, "Na mimi je?" Watu wakavunjika mbavu. Mama Mapacha alitabasamu, kwa kuwa kutabasamu ukumbini ilikuwa amri, na mashavu yakamuuma. Kaunta waliita barafu. Watoto wa meza ya nane walikuwa wanarushiana madonge ya unga. Mpishi wa piza alitoka jikoni na koleo lake la tanuri mkononi, akautazama ukumbi uliojaa mabega, akauliza, "Leo mmefungua shule ya bweni humu ndani?"

Meneja alimvuta Mama Mapacha pembeni karibu na rafu ya glasi. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni mwake, ila lilikuwa limekauka.

"Mumeo," alisema. Asubuhi alikuwa akimwita "Fundi".

"Nimeuona, bosi."

"Auinamishe. Leo hii, kabla ya saa kumi na mbili. Siwezi kuvunja kilichoandikwa, na siwezi kuwalisha hawa tena kesho. Akishindwa, vile vyumba navitoa kwa mwingine. Namba ya simu ninayo hapa."

Alimkuta mume wake amesimama penye kona, mikono nyuma, akiwatazama watu wanaopiga picha kazi yake. Alikuwa na amani kabisa. Hiyo amani ndiyo iliyomtia Mama Mapacha wazimu.

"Meneja anataka uuinamishe."

"Nimesikia akiongea. Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Mke wangu, siwezi kuchora kitu kinachoanguka. Mkono utakataa."

Walikuwa katikati ya ukumbi, wageni pande zote. Kwa hiyo Mama Mapacha alimgombeza akitabasamu, meno yote nje, sauti chini, na bibi mmoja wa meza ya karibu akawaangalia na kufikiri ni wachumba.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane naondoka nyumbani wewe umekaa, narudi wewe umekaa, na sijakutolea neno. Nimewaambia watoto baba yenu ni fundi mkubwa, kazi inakuja. Ndugu zangu wakisema, nakutetea. Kazi imekuja, Baba Mapacha! Nimeileta mimi kwa mikono yangu, nimeipigia magoti! Na wewe umekwenda kuwanyooshea Waitaliano jengo lao!"

"Ukuta wenyewe ulikuwa—"

"Achana na ukuta! Nitazame mimi. Nimechoka. Unajua maana ya kuchoka? Mara moja tu katika maisha yako, mpe mtu anachotaka, hata kikiwa kimepinda."

Timazi alimtazama. Hakuwa amezoea kumwona mke wake akitetemeka midomo huku anacheka.

"Wewe pia ndicho unachotaka?" aliuliza.

"Ndicho ninachotaka."

Timazi aligeukia ukuta. Akainama, akafungua kopo.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo. Alianza kwa kuufuta mnara wake, ukanda kwa ukanda, kwa rangi ya ukuta, na waliokuwa wakila karibu waliguna wakiona matao yale yanapotea. Kisha akapiga mstari mpya kwa chaki. Mama Mapacha alipita na sinia la piza, akatupa jicho: mstari ulikuwa umesimama wima. Timazi aliuona pia, akaufuta kwa kiganja. Alipita tena na bia mbili na maziwa ya mtoto. Mstari wa pili nao wima. Akaufuta. Alipopita mara ya tatu alimkuta amekishika kipande cha ubao, amekiegemeza ukutani kwa mshazari, ameukamata mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto na anaulazimisha ufuate.

Jasho lilikuwa limelowesha lile shati safi mgongoni. Watoto walikuwa wameacha madonge yao na kukaa sakafuni nyuma yake kumtazama. Binti mmoja mwenye kibwebwe cha taulo aliingiwa na wasiwasi.

"Fundi, unaanguka!" alimwambia.

"Najua, mwanangu," alisema Timazi bila kugeuka.

Mama Mapacha alisikia, akaitua sahani vibaya, mchuzi wa nyanya ukamwagika kwenye kitambaa. Alijiambia asiwe mjinga. Ni rangi tu. Dunia imejaa watu wanaofanya wasichokipenda kuanzia asubuhi mpaka jioni, yeye akiwa wa kwanza, na hakuna anayewapigia makofi. Vyumba tisini. Alijirudia hivyo kutoka meza ya nne mpaka meza ya kumi na mbili: vyumba tisini, vyumba tisini.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano Timazi alishuka kwenye kigoda. Mnara ulikuwa umeinama. Ulikuwa na madirisha yake yote, na la tatu lilikuwa limerudi chini mahali pake. Wageni walishangilia kuliko mara ya kwanza. Meneja alikuja mbio, akampima mtoto wake mwenyewe aliyekuwa ameletwa kusalimia, akacheka, akamshika Timazi mkono na kuutikisa kwa nguvu.

"Hivyo ndivyo! Fundi, hivyo ndivyo! Jumatatu saa mbili njoo, tunaanza ghorofa ya kwanza."

Mama Mapacha alishika ukingo wa kaunta kwa furaha. Aliona sare mbili za shule zimetundikwa ukutani, aliona siku ya mapumziko ambayo atalala mpaka saa tatu, akawaza jinsi atakavyompigia simu dada yake aliyemshauri zamani aachane na mtu huyu. Alipogeuka amkumbatie mume wake, hapakuwa na mtu. Kigoda kilikuwa kitupu.

Alimkuta kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya jikoni, penye sinki la madekio, anaosha brashi. Brashi ilikuwa safi. Maji yaliyoitoka hayakuwa na rangi hata kidogo, na bado aliiosha.

"Umeipata kazi," alimwambia.

"Nimesikia."

"Mwaka mzima, Baba Mapacha! Kuta za vyumbani zitakuwa zimenyooka, utazifanya utakavyo."

"Ndiyo."

Alisubiri amtanie, au ambishie, au aseme kwamba milango ya vyumba hivyo nayo haikukaa sawa. Angemshukia palepale, na angemshukia kwa raha. Timazi alifunga bomba, akaifuta brashi kwenye suruali yake.

"Mapacha wakija hapa siku moja," alisema, "usiwaambie ule ukuta ni mkono wangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba apewe taulo. Kichwa chake kilikuwa chini. Wateja wangapi walimfukuza mtu huyu, na kila mara alirudi nyumbani kichwa juu, amekasirika, ana uhakika, akidai chakula chake. Mama Mapacha alikuwa amekichukia hicho kichwa cha juu kwa miaka kumi na saba. Sasa alisimama na sinia la glasi chafu mkononi, akaitafuta hasira yake ya kila siku, asiione. Huko mbele mtu alikuwa anaita, "Dada! Dada wa meza ya nane!" Wateja wale wote walimfukuza tu. Aliyemvunja ni yeye, mke wake.